Majina ya deplase si mzigo wa kuacha mlangoni: Leta iweke masharti kabla ya kuwasha mashini

KAMITUGA – Ndugu zetu mliokimbia vita mkapokelewa na familia za hapa kwetu, leo siongei juu ya bei ya unga wala juu ya matope ya barabara ya Bukavu. Leo naongea juu ya majina yenu.

Kila deplase anajua namna inavyokuwa. Anakuja kijana mwenye jile na telefoni mkononi. Anauliza: mama, jina lako? Umetoka wapi? Mume wako yuko wapi? Watoto wangapi? Kuna mjamzito? Kuna mgonjwa? Namba ya telefoni? Anaandika, anapiga picha kadi ya mchaguzi, anatoa jetoni au anasema utaitwa, halafu anapanda pikipiki na kwenda. Mama mmoja aliyetoka upande wa Walungu aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Baba mwandishi, nimeandikwa mara nne. Chakula nimepata mara moja. Yale majina mengine matatu yako wapi?"

Ni swali la haki. Nimeuliza huku na kule, nimesoma, na ninachosema leo nakisema wazi: wakubwa wa Leta na wakubwa wa misaada wanakusanya majina yetu kwa mashini nzuri, lakini masharti ya kuzilinda mashini hizo hawatuambii. Mimi sijasikia hata siku moja ofisi ikikusanya watu chini ya mti na kuwaeleza majina yao yanalindwa namna gani. Hilo ni kosa, na mtu anaweza kufa kwa kosa hilo.

Tuanze na mashini zenyewe, ili mtu asije akasema mwandishi anaongea maneno asiyoyajua.

Hesabu za wagonjwa wa zoni za afya nchini Kongo zinaingizwa katika programu inayoitwa DHIS2. Inatengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, na mizizi yake iko Afrika Kusini, katika kazi iliyoanza miaka ya 1990 baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka. Mashirika mengi ya misaada yanaandika familia kwa kutumia KoboToolbox, iliyozaliwa kwa watafiti wa Harvard. Zote mbili ni programu huria: msimbo wake uko wazi, mtu yeyote anaweza kuusoma, kuutumia na kuurekebisha bila kulipa franka hata moja ya leseni. Siku hizi programu kama hizi husambazwa zikiwa zimefungwa ndani ya kontena.

Kontena ni nini? Fikiria yale makontena ya chuma wanayogeuza kuwa duka. Mwenye duka anakuta rafu zimewekwa, taa imefungwa, mlango upo. Analishusha popote, anafungua, anaanza kuuza. Kontena ya kompyuta ni hivyo hivyo: programu na vyote inavyovihitaji vimefungwa pamoja, fundi anaishusha juu ya mashini yoyote na inafanya kazi. Docker ilitoka mwaka 2013, Kubernetes ikafuata mwaka 2014 kwa ajili ya kuziongoza kontena nyingi kwa pamoja. Ni kazi nzuri. Fundi mmoja anaweza kusimika kwa saa moja kitu kilichokuwa kinachukua wiki.

Lakini kuna jambo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Ukuta wa kontena ya kompyuta si wa chuma. Kontena zote zilizo juu ya mashini moja zinatumia moyo mmoja wa mfumo. Mwezi wa pili mwaka 2019 lilitangazwa tundu katika runC, kifaa kinachowasha kontena za Docker: mwizi aliyeko ndani ya kontena moja aliweza kuvuka ukuta na kuishika mashini nzima. Mwezi wa kwanza mwaka 2024 tundu lingine likaonekana katika runC hiyo hiyo. Kila mara dawa ilitoka haraka. Aliyeiweka alipona, na aliyelala alibaki na mlango wazi.

Ndiyo maana nchi zilizotangulia hazikusema tu "tumia, ni ya bure". Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo wa usalama wa kontena unaotaja sehemu tano za hatari: imeji, yaani kile kifurushi cha asili ambacho kontena inazaliwa kutoka kwake; ghala ambamo imeji zinatunzwa; programu inayoongoza kontena; kontena zenyewe; na mfumo wa mashini inayozibeba. Mwezi wa tatu mwaka 2021, mpango wa FedRAMP, ambao huduma za mtandao hupitia kabla ya kuuziwa ofisi za serikali kuu ya Marekani, ukaongeza masharti ya kontena. Imeji iwe imeimarishwa. Ikaguliwe matundu kabla ya kuwashwa. Isiyokaguliwa ndani ya siku 30 isitumike. Na kila kinachotembea kiwe katika orodha. Wafaransa nao, kupitia ofisi yao ya usalama wa mitandao, ANSSI, walitoa mwaka 2020 maelekezo ya kusimika Docker, tena kwa Kifaransa, lugha ya biro zetu zote. Basi hakuna mkubwa wa Bukavu, Uvira au Kinshasa anayeweza kusema hakuelewa kwa sababu ya lugha.

Sasa kuna watu wataniuliza: mwandishi, Kamituga umeme wenyewe ni wa kubahatisha, wewe unatuletea habari za Marekani? Mashini ziko Kinshasa, ziko Ulaya, sisi inatuhusu nini?

Inatuhusu kwa sababu majina ni yetu. Mashini ikilala Oslo au Kinshasa, anayeaibishwa ni mtu wa hapa.

Tukumbuke mpox. Mwezi wa tisa mwaka 2023 ugonjwa ule ulianza kuonekana hapa Kamituga kwa sura mpya, aina ambayo wataalamu waliipa jina la Ib. Tarehe 14 mwezi wa nane mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likautangaza kuwa dharura ya dunia nzima. Mji wetu ukajulikana mpaka Geneva. Na sisi tulioishi hapa tunajua wagonjwa walivyosemwa: mabinti wa baa, wachimbaji, mama zetu twangaise wanaotwanga mawe. Ndoa zilitikisika kwa maneno tu. Je, kama orodha nzima ya majina, pamoja na namba za telefoni na majibu ya maabara, ingemwagika mtaani? Nani angerudi hospitalini wiki iliyofuata? Watu wangejificha na vidonda vyao, na ugonjwa ungetembea. Kwa hiyo kulinda mashini ya afya ni sehemu ya kuuguza.

Na deplase je? Mwezi wa sita mwaka 2021 Human Rights Watch ilieleza namna habari za wakimbizi Warohingya, zilizokusanywa na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa pamoja na serikali ya Bangladesh, zilivyofikishwa kwa Myanmar, nchi ile ile waliyoikimbia. Watu walisimama mstari kwa ajili ya kadi ya msaada, na majina yao yakarudi kwa waliowafukuza. Hapa jirani yetu Rwanda, mwaka 1994, mstari mmoja juu ya kitambulisho ulitosha kuamua nani anapita kwenye barieri na nani hapiti. Watu wa Maziwa Makuu hatuhitaji kufundishwa kwamba orodha inaweza kuua.

Halafu tuangalie yaliyotokea karibu yetu. Goma ilianguka mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, Bukavu ikafuata katikati ya mwezi wa pili. Watu waliondoka na watoto mgongoni. Depo za PAM Bukavu ziliporwa, chakula cha tani elfu kadhaa kikaondoka. Chakula kikiibiwa kinaonekana: gunia limebebwa, depo imebaki tupu. Majina yakiibiwa hakuna anayeona. Kompyuta inabaki mezani, faili inabaki ndani yake, lakini mtu mwingine anayo pia. Kila biro iliyofungwa kwa haraka siku zile ingepaswa kujibu swali moja: diski zenu zilikuwa zimefungwa kwa siri ya maandishi, au mtu akiwasha tu anasoma?

Sasa nigeukie wale wanaosema dawa ni kuacha programu huria na kununua za kampuni kubwa, kwa sababu "cha bure hakina mwenyewe". Maneno hayo nimeyasikia kwa watu wenye tai, na si ya kweli.

Mwezi wa kwanza mwaka 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR, ilitangaza kwamba mashini zake zilivamiwa. Zilizoguswa ni habari za watu zaidi ya 515.000 duniani: waliopotezana na familia zao kwa vita au kuhama, waliopotea, wafungwa. Ni huduma ile ile ambayo wengi wenu mnaijua, ya kutafuta mtoto aliyepotea njiani. Wavamizi waliingia tarehe 9 mwezi wa kumi na moja 2021 na walionekana tarehe 18 mwezi wa kwanza 2022. Siku 70 ndani ya nyumba! Waliingilia wapi? Katika programu ya kununua, ya kampuni, ambayo dawa ya tundu lake ilikuwa imeshatoka lakini haikuwekwa. Haikuwa programu huria. Kwa hiyo kulipa pesa hakukulindi ikiwa hakuna anayeamka kuweka dawa. Na niwape CICR haki yao: walisema wenyewe, kwa uwazi, walikosea wapi. Ni biro ngapi za kwetu zingethubutu?

Na wale wa upande wa pili, wanaosema programu huria ni salama yenyewe kwa sababu dunia nzima inausoma msimbo, nao wanadanganya kwa nusu. Mwezi wa kumi na mbili 2021 tundu la Log4j, kipande huria kilichokuwa ndani ya programu nyingi mno, lilifanya mafundi wa dunia nzima wakose usingizi. Mwezi wa tatu 2024 mtu aliyejifanya msaidizi mwema kwa muda mrefu alipenyeza mlango wa siri katika kipande kiitwacho xz. Aliyeugundua ni fundi mmoja, Andres Freund, aliyeshangaa kwa nini kuingia kwenye mashini kunachelewa nusu sekunde. Msimbo ungekuwa umefungwa, asingeweza kufuatilia mpaka mwisho. Basi uwazi unasaidia, lakini anahitajika mtu wa kutazama. Macho ya dunia hayatazami mashini ya zoni ya afya yako. Hiyo ni kazi yako.

Sisi wa Kamituga tunaelewa jambo hili kuliko wengi. Shimo la dhahabu liko wazi kwa kila mwenye nguvu ya kuchimba. Lakini anayeingia bila miti ya kuegemeza udongo, tunajua mwisho wake. Mwezi wa tisa mwaka 2020, pale Detroit, mvua ilijaa mashimoni na vijana wetu wakabaki chini. Hakuna aliyesema siku ile tuache dhahabu. Watu waliuliza: miti ilikuwa wapi, na nani alikuwa na kazi ya kukagua? Maswali hayo mawili yanatosha kwa programu pia.

Sheria tunayo. Katiba yetu, kipengele cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa kwa maisha yake ya siri. Tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 tuna Kodi ya Dijitali, amri yenye nguvu ya sheria namba 23/010, inayoongea juu ya habari za watu na usalama wa mitandao. Karatasi ipo. Lakini karatasi iliyoko Kinshasa haifungi mlango wa mashini ya Sud-Kivu. Panahitajika masharti mafupi, ambayo kila wizara, kila zoni ya afya na kila shirika linaloandika watu kwa ruhusa ya Leta litayasaini kabla ya kuwasha mashini. Mimi nayataja saba.

Moja. Imeji zitoke kwa mtengenezaji anayejulikana, na alama yake ya ukweli ihakikishwe. Fundi asichukue kifurushi cha mtu asiyejulikana kwa sababu tu kinafanya kazi.

Mbili. Kila imeji ikaguliwe matundu kabla ya kuwashwa, halafu kila siku 30. Kifaa cha kukagulia kipo, kwa mfano Trivy, nacho ni huria. Kisingizio cha pesa hakipo.

Tatu. Kontena isipewe ufunguo wa nyumba nzima. Ifanye kazi kwa ruhusa ndogo inayoitosha, ili mwizi akiingia chumba kimoja asimiliki ploti yote.

Nne. Neno la siri lisiandikwe ndani ya imeji, wala kubandikwa ukutani, wala kutumwa WhatsApp. Na meza ya kuongozea isiachwe wazi kwenye intaneti. Mwaka 2018 ilionekana kwamba hata Tesla, kampuni ya magari ya umeme, iliacha meza yake ya Kubernetes bila neno la siri, na wezi wakatumia mashini zake kuchimba pesa za mtandao. Kama wao, na utajiri wao wote, walisahau, sisi tusijidanganye.

Tano. Kuwe na orodha ya mashini, ya programu zilizo juu yake, na ya vipande vilivyo ndani ya kila programu. Siku tundu kama la Log4j likitangazwa, fundi ajue ndani ya saa moja kama linamhusu.

Sita. Diski na nakala za akiba zifungwe kwa siri ya maandishi, na kuwe na mpango wa vita: nani anafuta, nani anahamisha, na kwa amri ya nani, kabla risasi hazijafika. Katika mkoa wetu sharti hili ndilo la kwanza kwa uzito, ingawa nimeliandika la sita.

Saba. Majina yakivuja, watu waambiwe. Waambiwe kwa redio, kwa Kiswahili na kwa Kilega, kwa Mashi pia, si kwa barua ya Kifaransa inayobaki ndani ya kabati.

Najua jibu litakalokuja. Watasema masharti yatachelewesha msaada, na mwenye njaa hangoji ukaguzi. Nawajibu: ukaguzi wa imeji unachukua dakika. Kinachochelewesha msaada kila mtu hapa anakijua, na si ukaguzi. Watasema intaneti yetu ni dhaifu, dawa za programu ni nzito kupakua. Hapo wana haki kidogo. Lakini dawa inaweza kuletwa juu ya diski kutoka mjini, alama yake ikahakikishwa, ikawekwa bila intaneti. Chanjo tunazileta kwa pikipiki na masanduku ya barafu, tunashindwaje kuleta diski? Watasema hakuna mafundi. Wapo! Vijana waliosoma informatiki Bukavu wako hapa Kamituga wanauza krediti na kuendesha motari, na wengine wao ni deplase. Wapeni kazi hiyo.

Na ninyi ndugu zetu, msingoje Leta peke yake. Siku kijana mwenye jile akija, mpokeeni kwa heshima, naye ni mtoto wa watu na anafanya kazi aliyotumwa. Lakini muulizeni: jina langu linakwenda kwa nani? Linatunzwa wapi? Nani mwingine ataliona? Litakaa muda gani? Nikitaka lifutwe, nimwone nani? Akishindwa kujibu, amuulize mkubwa wake kwa telefoni hapo hapo. Na picha ya kadi, namba ya telefoni au jina la kabila lisilohitajika kwa msaada ule, mna haki ya kuuliza linatafutwa kwa ajili gani. Jina ambalo halikuandikwa haliwezi kuibiwa.

Yule mama wa Walungu bado anangoja jibu la majina yake matatu. Yeye hajui Docker wala hahitaji kuijua. Anachojua ni kwamba alikimbia usiku, akaacha nyumba, mbuzi na kaburi la mzazi, na kitu kimoja alichofika nacho kizima ni jina lake. Wakubwa wanaoliandika wanadaiwa kulilinda. Nitarudi kuwauliza hapa hapa, biro moja baada ya nyingine, mpaka waweke masharti yao mezani.

Ni mimi mwandishi wenu, Kamituga.